Orodha ya Septemba haimjui jirani

Aprili 12, 2025, jijini St. Louis, Western Michigan iliichapa Boston University mabao 6-2 na kutwaa ubingwa wa hoki ya barafu wa vyuo vikuu vya Marekani kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kombe halijazoea kabati, mashabiki wa vyuo vingine wakawa wameshahamia msimu unaofuata: nani anabaki, nani anakwenda kucheza kwa malipo katika ligi ya NHL, kipa mpya anatoka wapi, na timu gani itakaa kileleni orodha ya ubora itakapotoka mwishoni mwa Septemba.

Mabishano hayo huchukua majira yote ya joto. Msomaji wa Dar es Salaam hatayaona mageni. Dirisha la usajili likifungwa, watu wa Simba na watu wa Yanga humaliza ligi nzima vijiweni kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa. Kikosi kinapangwa, kinapanguliwa, na mtani anashushwa daraja mchana kweupe. Katika miji ya hoki hii, Boston, Minneapolis, Grand Forks na New Haven, mambo ni hayohayo, ila wenzetu wana karatasi ya kubishania, yenye namba na pointi.

Karatasi hiyo inastahili heshima yake, maana inaandaliwa na watu wanaoujua mchezo. Lakini kuna mahali hukwama kila mara, nako ni pale timu mbili za mtaa mmoja zinapokutana uso kwa uso. Anayetaka kuelewa kwa nini mashabiki wa hoki hii hawachoki kubishana, aanzie hapo.

Orodha inavyopikwa

Ngazi ya juu ya hoki ya vyuo, upande wa wanaume, ina timu zaidi ya 60, nyingi zikiwa zimegawanywa katika ligi 6. Mechi zinaanza Oktoba na bingwa wa taifa hupatikana Aprili. Kila mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na kila upande huwa na wachezaji watano na kipa, wakikimbiza juu ya barafu kisahani cheusi cha mpira mgumu.

Kura inayofuatwa sana na mashabiki huendeshwa na chombo cha habari cha USCHO. Wapiga kura ni 50, makocha na wanahabari, na kila mmoja hupanga timu 20. Anayewekwa wa kwanza hupata pointi 20, wa pili 19, hivyo hivyo hadi wa mwisho anayeambulia moja. Pointi zikijumlishwa, orodha imepatikana.

Kura ya kwanza hupigwa wakati hakuna hata mechi moja ya ushindani iliyochezwa. Mpiga kura anabaki na mambo matatu ya kutazama: timu ilimalizaje msimu uliopita, nani wameondoka, na nani wameingia. La kwanza liko wazi. Ugomvi uko kwenye mawili yaliyobaki.

Chukua mfano wa Macklin Celebrini. Msimu wa 2023/24 alichezea Boston University akiwa na miaka 17, akatwaa tuzo ya Hobey Baker inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo. Juni 2024 San Jose Sharks wakamchukua wa kwanza kabisa katika uteuzi wa NHL, naye akaondoka. Kwa hesabu za kawaida, timu iliyopoteza kijana wa namna hiyo inatakiwa kuporomoka. Boston University ilifika fainali ya taifa msimu uliofuata, ile iliyoishia kwa kipigo cha Western Michigan.

Sasa hesabu zimezidi kuwa ngumu. Wachezaji wanahama chuo kimoja kwenda kingine kwa urahisi kuliko zamani. Juu ya hilo, Novemba 2024 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliamua kwamba kuanzia msimu wa 2025/26 vijana waliocheza ligi kuu za vijana za Kanada wanaruhusiwa kujiunga na vyuo. Kwa miongo mingi vijana hao walizuiwa kwa sababu walihesabiwa kuwa wachezaji wa kulipwa. Mlango ulipofunguliwa, Gavin McKenna, kijana wa Yukon aliyekuwa akitajwa kuwa kinara wa uteuzi wa NHL wa 2026, akachagua Penn State, chuo ambacho timu yake iliingia ngazi hii mwaka 2012 tu. Mpiga kura angempa pointi ngapi kijana ambaye alikuwa hajawahi kucheza dakika moja katika mashindano haya? Hapo ndipo kila shabiki huwa na jibu lake, na kila jibu lina utetezi.

Majina makubwa na miguu mizito

Kuna kosa moja ambalo orodha hii hulirudia, nalo lina sababu inayoeleweka. Wapiga kura huvutwa na majina yaliyokwisha kuchaguliwa na klabu za NHL. Klabu humteua kijana akiwa na miaka 18, kisha humwacha akomae chuoni kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Timu yenye wateule wengi hung'aa kwenye karatasi, na vyuo vikubwa ndivyo vinavyowapata.

Vyuo vidogo hupita njia nyingine. Husajili vijana waliobaki ligi za vijana hadi miaka 20 au 21, wakaja chuoni wakiwa wamekomaa mwili na akili, wakakaa miaka minne pamoja. Hakuna gazeti linalowaandika mwezi Agosti. Lakini mechi ya mtoano ikifika kipindi cha tatu, mwanamume wa miaka 24 anayemjua mwenzake kwa kivuli chake anaweza kumnyima usingizi kijana wa miaka 18 mwenye kipaji cha kuzaliwa.

Mashabiki wa timu hizi ndogo wana malalamiko ya haki. Timu iliyoanza nje ya orodha hupanda taratibu hata ikishinda mfululizo, wakati kigogo akipoteza mechi mbili hushuka nafasi moja au mbili tu, kana kwamba jina lake limemkinga. Wanaotetea orodha hujibu kwamba kura haina uzito wowote katika kuamua nani anaingia mashindano ya taifa, na hilo ni kweli. Timu 16 zinazoingia hupatikana kwa njia mbili: mabingwa wa ligi zote 6 huingia moja kwa moja, na nafasi 10 zilizobaki hujazwa kwa kanuni ya kihesabu, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kama PairWise. Kanuni hiyo hulinganisha timu kwa matokeo yao na ugumu wa wapinzani wao. Haijui wachezaji wa timu ni akina nani, wala haikumbuki Septemba.

Kwa hiyo orodha ya kabla ya msimu haimpi mtu tiketi wala kumnyang'anya. Nguvu yake iko kwenye mazungumzo: nani aogopwe, nani adharauliwe, mechi ipi iitwe kubwa. Na wahenga walishasema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Kilomita 13 za Connecticut

Hakuna mwaka ulioonyesha hayo kama 2013.

Katika jimbo la Connecticut kuna vyuo viwili vilivyotengana kwa takribani kilomita 13. Yale, kilichoanzishwa mwaka 1701, kiko New Haven. Timu yake ya hoki ilicheza mwaka 1896 dhidi ya Johns Hopkins, mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kati ya vyuo viwili nchini Marekani, wakatoka sare ya 2-2. Uwanja wake wa ndani, Ingalls Rink, ulichorwa na msanifu Eero Saarinen, paa lake limepinda kama mgongo wa nyangumi. Jirani yake, Quinnipiac, yuko Hamden. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1929, na timu yake iliingia ngazi ya juu mwaka 1998, chini ya kocha Rand Pecknold aliyeichukua mwaka 1994 ikiwa haina jina wala hadhi.

Mwenye ukoo na mgeni aliyejenga kando ya uzio: utani wa jadi ulizaliwa hapo bila kuhitaji msaada wa mtu.

Msimu wa 2012/13 mgeni alikuwa amepanda juu kuliko wote. Quinnipiac ilicheza mechi 21 mfululizo bila kupoteza, ikakaa namba moja nchini, na kipa wake Eric Hartzell akawa miongoni mwa waliowania Hobey Baker hadi mwisho. Ilikutana na Yale mara tatu, ikashinda zote tatu. Ya mwisho, ya kuwania nafasi ya tatu katika mashindano ya ligi yao kule Atlantic City, iliisha 3-0. Yale ikarudi nyumbani kichwa chini, ikasubiri matokeo ya viwanja vingine ili ijue kama itapata nafasi, na ikawa timu ya mwisho kupenya kwa kanuni ya hesabu.

Kilichofuata kiliwafunga watu midomo. Yale iliitoa Minnesota, bingwa wa taifa mara 5, kwa bao lililofungwa sekunde 9 tu baada ya muda wa nyongeza kuanza. Siku iliyofuata ikaipiga North Dakota 4-1. Katika Nne Bora kule Pittsburgh ikaishinda UMass Lowell 3-2, tena kwa muda wa nyongeza. Upande wa pili, Quinnipiac iliichapa St. Cloud State 4-1. Fainali ya taifa lote ikawa ya majirani wa kilomita 13.

Kwa vipindi viwili karibu vizima hakuna aliyeona lango. Quinnipiac ilishambulia zaidi, lakini kipa wa Yale, Jeff Malcolm, alikuwa amesimama imara. Kisha, saa ikihesabu sekunde za mwisho za kipindi cha pili, beki Gus Young akapiga kisahani kutoka mbali. Clinton Bourbonais alikuwa mbele ya lango. Akakigusa kwa ncha ya gongo, kikabadili mwelekeo, kikapita katikati ya miguu ya Hartzell. Tobo. Saa ilionyesha sekunde 3.5 zimebaki.

Kipindi cha tatu Yale ikaongeza mabao matatu. Mechi iliisha 4-0, Malcolm akiwa ameokoa mashuti 36. Timu iliyopigwa na jirani mara tatu ilishinda mechi ya nne, ambayo ndiyo iliyokuwa na kombe.

Watu wa Quinnipiac walikaa na maneno ya New Haven kwa miaka 10. Mwaka 2016 walifika fainali tena, wakapigwa 5-1 na North Dakota. Aprili 2023, kule Tampa, wakakutana na Minnesota iliyosheheni wateule wa NHL, akiwemo Logan Cooley, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2022. Minnesota ilitangulia 2-0. Quinnipiac ikarudisha moja, na zikiwa zimebaki dakika zisizofika 3, Pecknold akiwa amemtoa kipa ili aongeze mshambuliaji, Collin Graf akasawazisha. Muda wa nyongeza ulichukua sekunde 10. Zach Metsa akampa Sam Lipkin, Lipkin akamtengea Jacob Quillan, Quillan akamzunguka kipa na kumaliza kazi. Hamden nayo ikapata kombe lake.

Ukiwauliza mashabiki wa pande hizo mbili nani mkubwa, mmoja ataanza na 1896 na kumalizia na Pittsburgh, mwingine ataanza na Tampa. Orodha hazitamsaidia yeyote kati yao, na hakuna anayezitaja.

Boston, barabara moja

Boston hali ni hiyohiyo, ila majirani ni wanne. Boston University na Boston College wako kando ya barabara moja, Commonwealth Avenue, na tramu moja huwapitisha mashabiki wa upande mmoja mbele ya malango ya upande wa pili. Harvard wako ng'ambo ya mto Charles, Northeastern katikati ya jiji. Tangu Desemba 1952 wanne hawa wanacheza mashindano yao wenyewe, Beanpot, ambayo leo huchezwa Jumatatu mbili za kwanza za Februari katika uwanja wa TD Garden. Mshindi hapati nafasi ya mashindano ya taifa kwa kombe hilo. Anapata mwaka mzima wa kutamba mjini.

Na watu wanalithamini kuliko mgeni anavyoweza kudhani. Februari 6, 1978 theluji kubwa iliangukia mji huo mechi zikiendelea. Mashabiki waliambiwa mapema waende zao, wengi wakaondoka, lakini mamia walibaki kutazama hadi mwisho. Barabara zikafungwa. Walikwama ndani ya Boston Garden kwa siku kadhaa, wakilala kwenye viti na kula soseji za kwenye vibanda vya uwanja.

Msimu wa 2024/25 Beanpot ilitoa somo kamili. Boston College ndiyo iliyoonekana bora nchini. Januari ilicheza na Boston University mara mbili wikendi moja, ikashinda zote mbili. Wiki mbili baadaye walikutana katika fainali ya Beanpot, na Boston University ikashinda 4-1. Ilipofika Machi, Boston College iliingia mashindano ya taifa ikiwa imepangwa ya kwanza kati ya timu 16, ikatolewa na Denver 3-1 mlango mmoja kabla ya Nne Bora. Jirani yake aliyekuwa chini yake kwenye kila orodha akaenda St. Louis.

Northeastern nao wana yao. Kutoka 1988 hadi 2018 hawakuligusa kombe hilo, miaka 30 ya kuwa kichekesho cha mji. Februari 2018 Adam Gaudette alifunga mabao matatu, wakaipiga Boston University 5-2, na tangu hapo wamelibeba pia 2019, 2020, 2023 na 2024. Shabiki aliyevumilia miaka 30 alikuwa na mtani wa kumtazama usoni kila Februari, na hicho ndicho kilichomfanya arudi uwanjani.

Timu isiyo na mtani

Thamani ya jirani huonekana zaidi pale asipokuwepo, na mfano upo Afrika Mashariki. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua uwanja mdogo wa barafu. Hapo ikazaliwa Kenya Ice Lions. Vijana walijifunza kuteleza, wakanunua au kupewa vifaa, wakapanga mazoezi. Walikuwa na kipa, walikuwa na washambuliaji, na moyo walikuwa nao. Hawakuwa na wa kucheza naye. Walijigawa wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 2018 kampuni ya migahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwasafirisha hadi Toronto wakacheze mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, na nyota wawili wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi ya Kenya na kuingia uwanjani pamoja nao. Ilikuwa siku kubwa, na walistahili. Lakini mchezo hauwezi kuishi kwa kusafiri kilomita maelfu kutafuta mpinzani. Wanaoitakia mema hoki ya barafu ya Kenya wapiganie uwanja wa pili na timu ya pili, iwe Nairobi ileile au mji mwingine. Siku Ice Lions watakapofungwa na jirani na kuchekwa sokoni kesho yake, mchezo utakuwa umeota mizizi.

Neno kwa wanaobishana

Orodha ya kabla ya msimu isifutwe. Inamlazimisha shabiki kuujua mchezo wake: amtambue beki wa mwaka wa nne anayebaki, ajue kipa anayekuja ametoka ligi gani, asome ratiba, ajue timu ya jimbo la mbali ambayo vinginevyo asingeisikia. Mjadala wa namna hiyo humfanya mtu awe shabiki mwenye akili, na michezo yetu ya huku pia ingefaidika na mijadala inayoanza na kikosi badala ya matusi.

Lakini isomwe kwa kiasi chake. Inapima kilichojulikana hadi Septemba: majina, matokeo ya mwaka jana, sifa. Haiwezi kupima mchezaji aliyepigwa na jirani mara tatu na anayelala usiku akiifikiria ya nne. Siku njema huonekana asubuhi, lakini orodha hii huandikwa usiku.

Mwenye timu iliyo kileleni asimdharau wa chini, hasa akiwa wa mtaa wa pili. Mwenye timu isiyotajwa asikate tamaa wala asipoteze majira ya joto kulalamikia wapiga kura. Ubingwa wa taifa ulishindaniwa mara 12 kati ya 2013 na 2025, kwa kuwa mashindano ya 2020 yalifutwa. Yale, Union, Providence, UMass, Quinnipiac na Western Michigan waliutwaa katika kipindi hicho, na kabla ya hapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwa bingwa. Hao ni sita kati ya 12.